Ugonjwa wa Gari Huulizwa kwa Mwenyewe

Mwaka 2024 kampuni ya J.D. Power ya Marekani ilitangaza kwamba Lexus imepata 135, na wastani wa magari ya chapa zote ni 190. Shemeji yangu wa Mbagala aliziona namba hizo kwenye simu akanipigia: "Shem, asilimia gani hizi zinazopita mia?"

Si asilimia. Ni idadi ya matatizo katika kila magari 100 yenye umri wa miaka mitatu, kama wenyewe walivyoyaeleza kwa miezi 12 iliyopita. Ukigawanya, Lexus moja ilimsumbua mwenyewe mara 1.35 na gari la kawaida mara 1.9. Yaani tofauti kati ya bingwa na gari la kawaida ni kama nusu ya tatizo kwa mwaka. Kichwa cha habari hakikwambii hivyo.

Nafundisha takwimu katika chuo kimoja hapa Ohio, na watu wa nyumbani wameshaamua kwamba mtu wa takwimu lazima ajue gari la kununua. Ninachojua mimi ni kuuliza: tatizo ni nini? Kwa J.D. Power, simu ikikataa kuungana na redio ya gari, hilo ni tatizo. Giaboksi ikifa, nalo ni tatizo. Miaka ya karibuni mambo ya skrini ndiyo yanayoongoza kwa malalamiko. Gari linaweza kuporomoka kwenye orodha huku injini yake haina hata kikohozi.

Consumer Reports, shirika lisilo la faida lililoanza mwaka 1936 na lisilochukua matangazo ya wenye viwanda, linafanya tofauti kidogo. Mimi ni mwanachama, hivyo dodoso lao hunifikia. Wanataka matatizo ambayo wewe mwenyewe unayaona makubwa, kwa sababu ya gharama, usalama au gari kulala gereji. Kisha injini na giaboksi hupewa uzito mkubwa kuliko kelele ya dashibodi. Kwa hilo nawapenda zaidi.

Lakini makubwa kwa macho ya nani? Mwenye gari lililo ndani ya waranti hulirudisha dukani, anatengenezewa bure, jioni ameshasahau. Anayelipa mwenyewe hasahau miaka mitano. Halafu mmoja anaendesha kilomita 8,000 kwa mwaka, mwingine 40,000, na kwenye hesabu kila mmoja ni gari moja. Na kuna mapenzi: mtu aliyerithi imani ya Toyota kwa baba yake atasema "hiyo ni kawaida tu" pale ambapo mwingine angeandika malalamiko.

Je, mapenzi hayo yanaharibu takwimu kiasi gani? Marekani ilikuwa na jaribio zuri la kujiuliza hilo. Kule Fremont, California, General Motors na Toyota walikuwa na kiwanda cha ubia kiitwacho NUMMI, kilichoanza kutoa magari mwaka 1984 na kufungwa 2010. Humo ilitengenezwa Corolla, na humo humo ikatengenezwa Geo Prizm, ndugu yake pacha chini ya bodi. Prizm ikauzwa kwa bei ya chini, hasa ikishakuwa mtumba, kwa sababu haikuwa na nembo ya Toyota. Magari mawili ya namna hii yakipishana sana kwenye dodoso, usimtafute fundi. Kinachopimwa hapo ni wenye magari. Wajanja walinunua Prizm.

Tatizo lingine ni uchache. Chukua modeli yenye majibu 200, ambapo wamiliki 20 wameripoti tatizo kubwa: asilimia 10. Kwa bahati nasibu peke yake, kiwango cha kweli kinaweza kuwa 6 au 14. Kwa hiyo gari la nafasi ya tano na la nafasi ya tisa, mara nyingi, ni sawa. La kwanza na la mwisho ndiyo habari.

Ipo pia njia isiyotegemea dodoso: Wajerumani wa ADAC, chama cha wenye magari, huchapa takwimu za magari yaliyozimika barabarani, kama yalivyohudumiwa na mafundi wao wenyewe. Hapo maoni hayana nafasi, ila gari linalokula oili taratibu bila kuzimika halionekani.

Shemeji alikuwa anataka Toyota IST. Ukiitafuta IST kwenye takwimu za Marekani huipati, kwa sababu huku iliuzwa kwa jina la Scion xA, kuanzia modeli za 2004 hadi 2006, ikiwa na injini ile ile ya 1NZ ya cc 1500. Probox ya injini hiyo haikuletwa kabisa, lakini Yaris ya huku ilitumia 1NZ pia. Kwa injini na giaboksi, basi, majibu ya Wamarekani yanatufaa. Kwa bushi, shokapu na bolijointi hayatufai hata kidogo. Wao hawapiti barabara za Mbagala, na walijibu gari likiwa halijafika kwa mmiliki wa tatu.

Nilimwambia anunue IST yenye 1NZ, asitazame nafasi yoyote kwenye orodha yoyote, na pesa ya ushauri ampe fundi alale chini ya gari kabla hajalipa.