Bafe ya Kichina: Kabla hujalinganisha bei, tazama trei

Familia yenye watoto wanne ikiingia kwenye mgahawa wa kawaida nchini Marekani, bili inaweza kumtoa baba jasho. Ndiyo maana migahawa ya bafe ya Kichina, ambako mteja hulipa bei moja na kula mpaka atosheke, imekuwa kimbilio la wazazi wengi. Katika miji kama Houston, Minneapolis na Lexington, ambako Watanzania, Wakenya na Wakongo wamejenga makazi, si ajabu kukuta meza ndefu ya watoto, shangazi na wageni kutoka nyumbani baada ya ibada ya Jumapili au mahafali.

Kwa nje migahawa hiyo hufanana. Ndani kuna safu za trei, wali wa kukaanga, tambi, kuku wa sosi nyekundu na mashine ya aiskrimu ambayo watoto huiona kabla hawajaketi. Hata hivyo, migahawa miwili ya mtaa mmoja yenye bei inayokaribiana inaweza kutofautiana sana. Mmoja humpa mtoto chakula kilichotoka jikoni sasa hivi, mwingine humpa wali uliokaa tangu saa tano asubuhi. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye bango la bei.

Bei ya mlangoni si bei ya familia

Wazazi wengi hulinganisha bei ya mtu mzima, wakati mwenye kuamua bili ni mtoto. Baadhi ya migahawa huhesabu mtoto hadi miaka 10, mingine hadi 12. Ipo inayotoza kwa umri, mwaka kwa mwaka, na ipo inayowaacha wadogo wale bure.

Chukua mfano wa hesabu: baba, mama na watoto wa miaka 3, 7 na 12. Mgahawa wa kwanza unatoza mtu mzima dola 17 na mtoto wa hadi miaka 10 dola 9. Hapo mwenye miaka 12 analipa kama baba yake, na jumla inakuwa dola 69. Mgahawa wa pili unatoza mtu mzima dola 19, nusu ya bei kwa mtoto hadi miaka 12, na bure kwa walio chini ya miaka 4. Jumla yake ni dola 57. Ule ulioonekana ghali ndio wenye nafuu.

Juu ya hapo kuna kodi, vinywaji ambavyo mara nyingi huhesabiwa pembeni, na bakshishi ya mhudumu anayeondoa sahani chafu. Maji ya kawaida hayalipiwi, na kwa afya ya mtoto ndiyo chaguo bora kuliko soda ya kujaziwa kila inapokwisha.

Muda nao una bei. Chakula cha mchana ni nafuu kuliko cha jioni, na siku za kazi ni nafuu kuliko mwisho wa wiki, ambapo kaa na kamba wakubwa huletwa mezani. Baadhi ya familia huingia dakika za mwisho kabla bei ya mchana haijapanda. Kwa mfuko ni ujanja, lakini huo ndio wakati trei zimekaa muda mrefu na jikoni hawana haraka ya kuzijaza. Saa sita au saa saba mchana, wateja wakiwa wengi, chakula hakipati nafasi ya kuchakaa.

Trei ndogo, chakula kipya

Kipimo cha kwanza cha bafe nzuri ni mzunguko wa chakula. Trei kubwa iliyojaa hadi ukingoni huku hakuna anayechota inapendeza macho, lakini chakula chake kitakaa. Trei ndogo inayokwisha na kuletwa nyingine ni dalili njema. Kabla ya kulipa, mzazi anaweza kuomba kuzunguka meza mara moja. Kama sosi imeganda juu, kingo za tambi zimekauka na hakuna mvuke unaotoka, hayo yanatosha kumgeuza aende kwingine.

Mwongozo wa usalama wa chakula wa Marekani unataka chakula cha moto kitunzwe kwenye nyuzi 57 za Selsiasi au zaidi, na cha baridi kwenye nyuzi 5 au chini yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri zaidi ya nyuzi 60 kwa cha moto, na kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa mbili. Mzazi hana kipimajoto mfukoni, lakini anajua chakula cha moto na cha vuguvugu. Vuguvugu ndilo joto ambalo bakteria hulipenda.

Wali unastahili jicho la pekee. Bakteria anayeitwa Bacillus cereus hutengeneza mbegu zinazostahimili kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa muda mrefu, mbegu hizo huamka, huzaliana na kuacha sumu ambayo hata kukaanga upya hakuiondoi. Mtoto anaweza kuanza kutapika ndani ya saa moja hadi sita baada ya kula. Kwa upande wa baridi, samaki mbichi wa sushi si chakula cha mama mjamzito wala cha mtoto mdogo, hata meza ikiwa safi kiasi gani.

Msaada mwingine upo kwenye simu. Miji na wilaya nyingi za Marekani huweka matokeo ya ukaguzi wa migahawa kwenye mtandao. Los Angeles ilianza kubandika herufi za madaraja milangoni mwaka 1998, na New York ikafuata mwaka 2010. Kuandika jina la mgahawa na neno la ukaguzi kunaweza kumchukua mzazi dakika mbili.

Bafe si ya aina moja

Zipo aina tatu ambazo familia hukutana nazo mara nyingi, na kila moja ina watoto wake.

Ya kwanza ni bafe ya trei. Inafaa familia yenye watoto wakubwa wanaojua kusubiri na kushika koleo. Kwa mtoto wa miaka miwili ni kazi: mzazi huenda na kurudi, na trei ziko kwenye kimo cha kuunguza mikono midogo.

Ya pili ni ile ambayo mteja huchagua nyama na mboga mbichi kwenye bakuli, kisha mpishi akakaanga mbele yake kwenye bamba la moto. Hapa mzazi huona kila kinachoingia, na anaweza kuomba sosi kidogo. Cha kuangalia ni koleo la nyama mbichi lisiguse sahani ya kulia.

Ya tatu ni ya kuagiza kutoka kwenye orodha, sahani baada ya sahani, kwa bei moja. Chakula hufika kikiwa kimepikwa upya na mtoto haondoki mezani. Lakini sehemu nyingine hutoza chakula kinachobaki, hivyo inafaa kuagiza kidogo kidogo.

Kwa mtoto mwenye mzio, bafe ya trei ndiyo ngumu kuliko zote. Karanga, ufuta, soya, mayai, ngano na kamba hukaa meza moja, na koleo la trei moja huhamia nyingine. Ufuta uliongezwa rasmi Januari 1, 2023 kwenye orodha ya Marekani ya vyakula vikuu vya mzio, ukawa wa tisa, ila sheria hiyo inahusu lebo za vyakula vya pakiti. Trei ya mgahawa inaweza isiwe na maelezo yoyote. Kwa familia za Kiislamu swali linafanana: wali unaoitwa wa mboga unaweza kuwa na vipande vya nguruwe, na mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa yamepita nyama zote. Aulizwe meneja, si mwenye kufuta meza.

“Maliza, tumelipia!”

Hapa ndipo bafe inapogusa malezi. Mzazi akishalipa, huanza kuhesabu sahani, na mtoto aliyeshiba husukumwa aongeze ili pesa irudi.

Mwaka 2000, mtafiti wa Marekani Barbara Rolls na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa umri wa miaka mitatu na mitano. Wa miaka mitatu walikula kiasi kilekile hata walipopewa sahani kubwa zaidi. Wa miaka mitano walikula zaidi kadiri chakula kilivyoongezwa. Kwa maneno mengine, mtoto mdogo husikiliza tumbo lake, na kadiri anavyokua huanza kusikiliza sahani. Kumlazimisha amalize ni kuharakisha somo hilo.

Wingi wa aina nao hushawishi. Mtu aliyechoka na kuku bado hupata nafasi ya tambi, kisha ya keki, kwa sababu ulimi huchoka na ladha moja kabla ya nyingine. Wahenga walisema macho hayana pazia, na meza ya bafe imepangwa ikilijua hilo.

Isitoshe, sehemu kubwa ya vyakula hivyo ilitengenezwa kwa ulimi wa Marekani. Kuku maarufu wa General Tso alibuniwa na mpishi Peng Chang-kuei huko Taiwan katika miaka ya 1950 bila utamu. Sukari ilikuja baadaye, sahani hiyo ilipofika New York. Chumvi nayo haionekani: kijiko kikubwa cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, wakati WHO inashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Mtoto anahitaji pungufu ya hapo.

Utaratibu mwepesi unasaidia. Familia izunguke meza bila sahani kwanza. Sahani ya kwanza iwe na mboga, kama brokoli au maharage mabichi, pamoja na kitu kimoja kisichokaangwa kwa unga. Ya pili achague mtoto mwenyewe. Kila safari ichukuliwe sahani safi, na mikono ioshwe baada ya kushika koleo zilizoshikwa na watu wote. Walio chini ya miaka minne wakatiwe zabibu na nyama vipande vidogo, na wasipewe karanga nzima. Akisema ameshiba, ameshiba.

Baada ya kurudi nyumbani

Mtoto akitapika au kuharisha, apewe maji yenye chumvi maalumu za ORS kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Apelekwe hospitali haraka kama hawezi kubakiza chochote tumboni, ana damu kwenye choo, macho yamezama, analegea, au amekaa saa sita bila kukojoa.

Vipimo hivi havihitaji Marekani. Bafe ya Jumapili katika hoteli ya Dar es Salaam au Nairobi, sherehe ya kipaimara, na pilau ya harusini iliyopikwa alfajiri ikaliwa alasiri vyote vinapimwa kwa maswali yaleyale: kimepikwa saa ngapi, kimetunzwaje, na mtoto ana njaa au analishwa kwa sababu kimelipiwa? Pesa ya bafe ikishatoka haimrudii mzazi kwa sahani ya nne. Ikiwa mtoto alikula chakula cha moto, akashiba na akalala vizuri usiku, thamani yake ilishapatikana.