Asilimia 18, lakini ya nini?

Ukitaka kumpata mtu anayeielewa kesi ya Epic na Apple bila ya kuisoma hata ukurasa mmoja, ndugu msomaji, nenda Kawangware alfajiri, pale magari ya teksi yanapooshwa kabla ya kuelekea Lavington na Kileleshwa kutafuta abiria. Utamkuta dereva ameinamia simu yake akipiga hesabu. Nauli za jana zilikuwa kadha wa kadha. Kampuni imekwisha kukata chake. Petroli imekula yake. Mwenye gari anangoja fungu lake la kila siku. Kilichobaki ndicho cha unga na karo. Pengine dereva huyo hajapata kulisikia jina la Jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa California, wala hana haja ya kulisikia. Lakini swali lililomshughulisha jaji huyo kwa zaidi ya miaka minne ndilo linalomkosesha dereva wetu usingizi: mwenye mlango ana haki ya kutoza kiasi gani, na je, anaweza kukuziba kinywa usimwambie mteja kwamba uko mlango mwingine?

Kesi yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Kampuni ya Epic ya Marekani ndiyo iliyoutengeneza mchezo uitwao Fortnite. Kila mchezaji aliponunua kitu ndani ya mchezo huo kwa simu ya iPhone, Apple ilijichukulia asilimia 30. Agosti 2020 Epic ikafungua njia yake yenyewe ya malipo na kuwapunguzia bei wale waliolipa moja kwa moja. Siku iyo hiyo Apple na Google zikauondoa mchezo katika maduka yao ya programu, nayo Epic ikakimbilia mahakamani. Septemba 2021 jaji aliamua mengi kwa upande wa Apple, ila jambo moja kubwa: aliiamuru iache kuwazuia watengenezaji wa programu kuwaelekeza wateja kwenye njia nyingine za kulipa. Januari 2024, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kukataa kuisikiliza rufaa, Apple ikaufungua mlango huo. Lakini iliufungua vipi? Ilitangaza kwamba hata mteja akifuata kiungo akalipia nje, bado itadai asilimia 27. Aprili 30, 2025 jaji alisema wazi kwamba huko kulikuwa ni kuidharau mahakama kwa makusudi, akaipiga marufuku ada hiyo. Apple ilikata rufaa. Kwa upande wa Google, jopo la raia waamuzi huko San Francisco lilikuwa limekwisha kuamua, Desemba 2023, kwamba duka la Google Play lilikuwa limejengwa juu ya ukiritimba usio halali.

Huenda msomaji akauliza, ugomvi huu wa matajiri kwa matajiri unamhusu nini mkazi wa Kibera? Unamhusu kwa njia mbili, na ya kwanza ni nyepesi kuieleza.

Kanuni za maduka haya hazikati chochote ukiagiza gari, chakula au viatu kupitia simu. Hukata pale unaponunua kitu kinachotumika ndani ya simu yenyewe: somo, wimbo, mchezo, kitabu. Chukua mfano wa kijana wa Gatwekera aliyeunda programu ya kuwasaidia watoto kudurusu masomo. Watoto 200 wanamlipa shilingi 100 kila mmoja kwa mwezi. Jumla shilingi 20,000. Kama angepokea fedha hizo kwa nambari ya till ya M-Pesa, gharama yake ingekuwa chini ya asilimia moja. Kwa ada ya zamani ya asilimia 30, duka la programu lingechukua shilingi 6,000. Mwaka 2021 Apple na Google ziliteremsha ada hiyo hadi asilimia 15 kwa mapato yasiyozidi dola milioni moja kwa mwaka, na kwa hesabu hiyo zingemkata 3,000. Shilingi 3,000 kwa watu wa Silicon Valley si hata bei ya chakula cha mchana. Kwa kijana wetu ni kodi ya chumba cha mabati. Na kinachoudhi zaidi si kile kiasi. Ni kwamba M-Pesa anayo mfukoni, wateja wake wanayo mfukoni, ilhali kanuni ya duka lililo ng'ambo ya bahari inamkataza kuwaambia ndani ya programu yake mwenyewe: nilipeni huku, ni rahisi zaidi. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini iliugusa upele huu katika ripoti yake ya Julai 2023 kuhusu majukwaa ya intaneti. Hapa kwetu sijasikia kelele zozote za maana.

Njia ya pili ndiyo nzito, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Sisi tunayo maduka yetu ya programu, ila hatuyaiti hivyo.

Kampuni ya teksi za simu ni duka la aina hiyo. Anayeuza ni dereva, bidhaa ni safari, na mlango ni programu. Kwa miaka mingi Uber ilikuwa ikikata asilimia 25 ya nauli. Madereva waligoma, wakaandamana, wakapeleka barua, na hatimaye mwaka 2022 serikali ikatoa kanuni za kampuni za uchukuzi wa mtandaoni. Kanuni hizo ziliweka kikomo: kamisheni isizidi asilimia 18. Uber ilikwenda mahakamani kuzipinga, ikidai serikali haina haki ya kuipangia bei. Hata hivyo kamisheni yake iliteremshwa hadi asilimia 18. Madereva walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Ni nadra katika nchi hii mnyonge kushinda kitu kinachoweza kuandikwa kwa tarakimu.

Lakini hebu tupige hesabu pamoja, kama yule dereva wa Kawangware. Safari ya shilingi 1,000 ikikatwa asilimia 25, dereva anabaki na 750. Ikikatwa 18, anabaki na 820. Vyema. Sasa tuseme kampuni, ambayo ndiyo inayopanga nauli, imeteremsha bei ya safari hiyo hiyo hadi shilingi 900 ili iwavute abiria kutoka kwa mshindani wake. Kata asilimia 18 na dereva anabaki na 738. Sheria imefuatwa herufi kwa herufi, kamisheni imeshuka, na mtu wetu amepoteza shilingi 12 kuliko enzi za dhuluma! Nimechagua tarakimu hizi kwa mfano tu, lakini mwendo wenyewe si wa kubuni. Sheria iliyopanga asilimia bila ya kugusa mkono unaoandika ile nambari inayokatwa asilimia imefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Tena maji yakizibwa hapa hutokea pale. Mwishoni mwa mwaka 2023 Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, yaani NTSA, ilikataa kwa muda kuifanyia upya leseni kampuni ya Bolt. Madereva walikuwa wamelalamika juu ya kamisheni, na juu ya ada ya kuagiza safari iliyowekwa kando ya ile asilimia 18. Msomaji atakumbuka ile asilimia 27 ya Apple. California na Nairobi ni mbali sana kwa ndege, lakini akili ya mwenye mlango ni moja: ukimnyima ushuru kwa jina hili, atautafutia jina jingine.

Madereva nao wana akili zao. Mwaka 2024 wengi wao walichoka kungoja, wakabandika ndani ya magari orodha zao za nauli na kumwomba abiria alipe kwa orodha hiyo badala ya nambari iliyo katika simu. Wengine huomba jambo jingine, na yeyote anayepanda teksi katika barabara ya Ngong amekwisha kuombwa: futa safari, tuelewane sisi wawili. Mimi nimeombwa mara nyingi. Mara nyingine nimekubali, mara nyingine nimekataa, kutegemea saa na giza. Hili ndilo lile lile alilolifanya Epic mwaka 2020, tofauti ni kwamba Epic ilikuwa na mawakili wa kuitetea. Dereva akishtakiwa kwa kampuni na abiria, hufungiwa simu, na asubuhi hana kazi.

Mgala muue na haki yake mpe. Kampuni hizi zina hoja. Safari iliyoandikwa katika mtambo ina kumbukumbu: nani alipanda, gari lipi, njia ipi. Binti anayerudi Kibera saa tano za usiku baada ya zamu ya kazi ana sababu nzuri ya kutofuta safari, na ningekuwa babake ningemkataza kabisa. Kumbukumbu hiyo ina gharama, na mwenye kuitunza anastahili ujira. Apple nayo husema vivyo hivyo kuhusu usalama wa duka lake, na si uongo mtupu. Ninachokikataa ni ile hila ya kuufunga usalama na ushuru katika kifurushi kimoja, ili anayelalamikia ushuru aonekane kana kwamba anataka watu waibiwe.

Je, iko njia nyingine? Iko, na Kenya ilikwisha kuipita. Kuna wakati wakala wa M-Pesa hapo Makina au Laini Saba hakuruhusiwa kuhudumia kampuni nyingine ya simu katika kibanda chake. Kibanda ni chake, kodi analipa yeye, lakini mkataba ulimfunga mikono. Airtel ililalamika mbele ya Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na Julai 2014 Safaricom ikaliondoa sharti hilo. Aprili 2022 ikaja hatua nyingine: mteja wa Airtel au Telkom akaweza kulipa kwenye till ya Safaricom. Tazama vizuri kilichofanyika. Katika hatua hizo mbili hakuna aliyeketi kupanga asilimia. Kilichoondolewa ni katazo. Najua atakayenijibu kwamba M-Pesa bado ndiyo iliyoshika sehemu kubwa mno ya soko, na ni kweli. Lakini inaishika kwa sababu watu wanaipenda au wameizoea, si kwa sababu mwenye kibanda amefungwa kinywa. Tofauti hiyo si ndogo.

Kinyume chake ni wanamuziki wetu na milio ya Skiza. Walizunguka mahakamani hadi wakachoka. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Malindi na ile ya Nairobi zilitoa hukumu zilizopingana kuhusu sheria ya kulipwa kupitia vyama vya kukusanya mirabaha. Mwaka 2022 Bunge likaingilia kati kwa kuandika asilimia ndani ya Sheria ya Hakimiliki: msanii apate isiyopungua 52. Ni nambari nzuri kuitazama. Ila daftari la ni nani aliyeununua mlio, lini, na kwa shilingi ngapi, haliko Kibera kwa yule kijana aliyeuimba wimbo. Anapewa asilimia 52 ya jumla anayoambiwa. Nani atamhakikishia ile jumla?

Kwa hiyo sioni faida ya kuanza tena mabishano ya kama 18 ishuke hadi 15 au 12, ingawa najua ndiyo yatakayovuma kila madereva wanapogoma. Kinachostahili kupiganiwa ni dereva kuwa na sauti katika kupangwa kwa nauli, au angalau kiwango cha chini kwa kilomita ambacho hakiwezi kuvukwa kwa matangazo ya bei rahisi. Ni mwanamuziki na mtengenezaji wa programu kufunguliwa daftari. Na zaidi ya yote, ni marufuku ya kumwadhibu mtu kwa kumweleza mteja wake njia nyingine ya kulipa. Hilo la mwisho halihitaji Bunge lote kukesha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inazungumzia matumizi mabaya ya nguvu katika soko, nayo inairuhusu Mamlaka ya Ushindani kuanzisha uchunguzi kwa hiari yake.

Nasisitiza neno hilo, kwa hiari yake. Mwaka 2014 mlalamishi alikuwa Airtel, kampuni yenye ofisi, wahasibu na mawakili. Huko Marekani mlalamishi alikuwa Epic, ambayo ingeweza kugharamia kesi hata miaka kumi. Dereva wa Kawangware hana wa kumwandikia malalamiko, na kijana wa Gatwekera akienda ofisini kulalamika siku nzima, mapato ya siku hiyo amekwisha kuyapoteza. Mamlaka inayo majina ya kampuni, inayo mikataba ambayo inaweza kuiitisha, na wafanyakazi wake wenyewe hupanda teksi hizi hizi kurudi nyumbani jioni. Wakiombwa kufuta safari, wamuulize dereva sababu, waandike jibu lake, kisha kesho yake walifungulie faili.