Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Usikimbilie Kuifuta

Mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Mombasa alinijia juzi na laptopu aliyoifunga kwa leso. Ukiiwasha inaleta alama ya kampuni, kisha kiza. Fundi alishamwambia dawa ni kuifuta na kuweka Windows upya. Mle ndani mna picha za harusi ya bintiye na sauti ya marehemu mamake akisoma kasida, na nakala nyingine hana. Namshukuru Mungu hakukubali.

Ndugu zangu, tufahamiane hapa. Windows ni programu ya kuendesha kompyuta; picha na barua zako ni kitu kingine, japo vyote vyakaa kwenye diski moja. Windows ikiharibika, au chaji ikiungua kwa stima inayopanda na kushuka, aghalabu faili zako huwa salama. Kufomati ndiko kunakoziangamiza.

Njia isiyo na gharama ni kuiwasha kompyuta kwa flashi. Tafuta kompyuta nyingine nzima, upakue Linux Mint, ambayo ni ya bure, uiandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu iitwayo Rufus. Flashi hiyo itafutwa yote, basi usitumie yenye vitu vyako. Ichomeke kwenye ile iliyogoma, uiwashe huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP, kisha uchague flashi. Utaona skrini mpya. Palipoandikwa "Install" usiguse kabisa! Fungua diski ya kompyuta, ingia Users, kisha jina lako, unakili kila kitu kwenye diski ya nje.

Huenda ukaulizwa ufunguo wa BitLocker, wenye tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, na waweza kuuangalia kwa simu. Bila ufunguo huo hata fundi hodari hatakufaa, kwa hivyo usimlipe anayekuahidi.

Ikiwa haiwaki hata taa, fundi aitoe diski na kuitia kwenye kasha la USB, isomwe na kompyuta nyingine. Nawe kaa papo hapo. Picha za familia si za kuachiwa mtu.

Lakini ukisikia diski inagonga ta-ta-ta, zima mara moja. Diski za aina hiyo huwa na sahani inayozunguka, na kila ukiiwasha sindano ya kusomea yaweza kuikwaruza zaidi. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa kuokoa data, na bei yao ni ya juu kweli. Asiifungue mtu mezani. Vumbi kidogo tu laimaliza.

Yule mama tulimaliza naye baina ya magharibi na isha. Sauti ya mamake ilipotoka, alinyamaza kitambo. Tukaiweka kwenye diski mbili, moja akampa bintiye, ndipo laptopu ikarudi kwa fundi aifute apendavyo.