Kilo 67 za Fedha Chini ya Sakafu, Mwenyewe Hakurudi

Umewahi kuficha pesa vizuri mpaka ukasahau uliziweka wapi? Kwa kopo la majani chai, chini ya godoro, kwa mfuko wa koti la zamani? Basi hebu twende Gotland, kisiwa cha Uswidi kwenye Bahari ya Baltiki.

Julai 1999, wanaakiolojia walikuwa shambani Spillings pamoja na watu wa televisheni, wakitengeneza kipindi kuhusu wezi wa mali ya kale. Kifaa cha kutambua madini kikalia. Walipochimba wakakuta fedha. Mita chache tu kutoka hapo, fedha nyingine, nyingi kuliko ya kwanza.

Jumla ilikuwa kilo 67: sarafu zaidi ya 14,000 na bangili karibu 500. Zilifichwa chini ya sakafu ya jengo la enzi za Waviking, miaka zaidi ya 1,100 iliyopita.

Kwa Kiswahili, fedha ni madini na fedha ni pesa. Gotland ya wakati huo ilikuwa hivyo hivyo. Sarafu nyingi za Spillings ni dirhamu kutoka nchi za Kiislamu, zilizofika kwa biashara kupitia mito ya Urusi ya leo. Ukinunua kitu, fedha yako inatiwa kwenye mizani. Ukihitaji chenji, unakata bangili kipande.

Na Spillings si peke yake. Gotland imetoa hazina za fedha zaidi ya 700. Nyingine ni za baadaye: ile ya Dune, iliyopatikana 1882, inadhaniwa ilifukiwa karibu mwaka 1361, mfalme Valdemar wa Denmark alipovamia kisiwa.

Sasa fikiria kidogo. Kila hazina tunayoishangaa leo ni akiba ambayo haikumfikia aliyekusudiwa. Mwenyewe alijua kuficha. Pengine alikufa vitani, au safarini, au ghafla tu usiku. Watoto wake huenda walilala njaa juu ya sakafu ileile.

Pesa kwenye simu haziozi wala hazifukuliwi na jembe. Lakini kama hakuna anayejua ziko, nazo ni hazina iliyozikwa. Nchini Kenya, akaunti zikikaa bila kuguswa kwa muda uliowekwa na sheria, pesa hizo hupelekwa kwa UFAA, mamlaka inayotunza mali isiyodaiwa. Wenyewe au warithi bado wanaweza kuzidai, lakini ni lazima kwanza wajue zipo.

Kwa hivyo leo, fanya haya:

- Mwambie mtu mmoja unayemwamini una akaunti gani, akiba wapi, na laini zipi.
- Andika orodha hiyo kwenye karatasi, uiweke pamoja na hati zako muhimu.
- PIN usimpe mtu, hata mume, mke au mtoto. Kujua pesa ziko wapi ni tofauti na kuwa na ufunguo.
- Ukifiwa, usijaribu kutumia PIN ya marehemu. Fika kwa ofisi ya huduma kwa wateja na cheti cha kifo na kitambulisho chako, uelezwe hati nyingine zinazotakiwa.

Aliyefukia fedha Spillings alizilinda dhidi ya kila mtu, pamoja na watu wake. Wewe walinde wako pia.