Kipimo cha Damu cha Kifua Kikuu na Mambo Yanayopotosha Majibu Yake

Kifua kikuu ni ugonjwa unaotibika. Lakini mgonjwa aliyepewa jibu lisilo sahihi huweza kurudi nyumbani akidhani ni mzima, akaendelea kudhoofika na kuwaambukiza jamaa zake. Kwa hiyo yafaa kila mwanachama aelewe kipimo cha damu huweza kueleza nini na hakiwezi kueleza nini.

Vipimo hivyo ni vya namna mbili. Namna ya kwanza hutafuta kingamwili zilizomo katika damu. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba vipimo hivyo vilivyokuwa vikiuzwa visitumike kutambulisha kifua kikuu, kwa sababu huwakosa wagonjwa wengi na kuwahesabu wazima kuwa wagonjwa. Fedha inayolipwa kwa ajili yake ni hasara.

Namna ya pili hupima jinsi chembechembe nyeupe za damu zinavyoitika zinapokutanishwa na protini za vijidudu vya kifua kikuu. Chembechembe zilizokwisha kuvijua vijidudu hivyo hutoa kitu kiitwacho interferoni-gama. Chanjo ya BCG haipotoshi kipimo hiki kama inavyoweza kupotosha kipimo cha ngozi. Hata hivyo, usahihi wake hutegemea mambo yafuatayo:

1. Wakati. Chembechembe hizo sharti ziwe hai. Damu, kama maziwa yapelekwayo kituoni, haistahimili kucheleweshwa. Katika kipimo kimoja kitumiwacho sana, damu iliyotiwa katika vichupa vyake na kuachwa bila kupozwa haina budi kuingizwa katika joto la digrii 37 kabla ya saa 16 kupita.

2. Utunzaji. Kila kichupa huhitaji mililita 1 hivi ya damu, kisha hutikiswa mara 10 ili damu ichanganyike na dawa iliyopakwa ndani. Damu ikipungua au ikizidi, au kichupa kikitikiswa kwa nguvu mno, jibu huharibika.

3. Hali ya mwili. Virusi vya UKIMWI, utapiamlo na dawa zinazopunguza kinga huzifanya chembechembe ziitike kwa unyonge. Jibu huweza kusema "hakuna" ilhali vijidudu vimo, au lisiamulike kabisa.

4. Muda tangu kuambukizwa. Mwili huchukua majuma kadhaa kabla ya kuitika. Aliyepimwa mapema hana budi kurudia.

Juu ya hayo yote, hata jibu lililo sahihi halitofautishi kati ya vijidudu vilivyolala mwilini na ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo mtu mwenye kikohozi cha majuma mawili, homa, jasho la usiku au kukonda asitosheke na jibu la damu. Apeleke makohozi hospitali. Mashine zilizoidhinishwa tangu mwaka 2010 huyachunguza kwa muda wa saa 2 hivi, na pia huonyesha kama vijidudu vimeizoea dawa ya rifampisini.

Makatibu wa vyama watawafaa wanachama wakiwasomea maelezo haya katika mikutano yao, ili asiwepo mwanachama atakayeuza mazao yake kulipia kipimo kisichomsaidia, wala atakayechelewa kuanza matibabu.