Mpira wawavuta darasani vijana wa jamii asilia Australia

NCHINI Australia, mchezo wa mpira umekuwa chambo cha kuwarejesha darasani wavulana wa jamii asilia, ambao wengi wao huacha masomo mapema na kukosa ajira.

Mpango unaojulikana zaidi ni wa Wakfu wa Clontarf, ulioanzishwa mnamo 2000 jijini Perth na Gerard Neesham, kocha wa kwanza wa timu ya Fremantle katika ligi kuu ya nchi hiyo. Ulianza na wavulana 25 katika shule moja ya Waaborijino. Sasa unahudumia zaidi ya 10,000 katika majimbo mbalimbali.

Soka ya Australia ni tofauti na kandanda ya kawaida. Kila timu huwa na wachezaji 18 uwanjani, mpira una umbo la yai, na mikono huruhusiwa. Jamii asilia huupenda sana mchezo huo na zimetoa nyota wengi.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Akademia huwekwa ndani ya shule ya upili, na mvulana hujiunga nayo akiwa mwanafunzi wa shule hiyo. Ili aendelee kucheza na kusafiri na wenzake, sharti ahudhurie masomo, atie bidii na awe na nidhamu. Wasimamizi hushinda naye shuleni, na anapokosa kufika hufuatilia kujua kilichomzuia.

Hata hivyo, lengo si kuzalisha wachezaji wa kulipwa, kwani wanaofika ligi kuu ni wachache mno. Wanafunzi hupelekwa kutembelea kampuni na kufunzwa jinsi ya kuomba kazi. Wanapohitimu, maafisa wa ajira huendelea kuwasaidia hadi wazoee kazini.

Umuhimu wa juhudi hizo unadhihirishwa na takwimu. Jamii asilia ni chini ya asilimia 4 ya wakazi wa Australia, lakini takriban thuluthi moja ya wafungwa hutoka kwazo. Mnamo 2020, serikali na mashirika ya jamii hizo zilikubaliana kwamba kufikia 2031, asilimia 96 ya vijana wao wa umri wa miaka 20 hadi 24 wawe wamehitimu sekondari au kiwango kinacholingana nayo. Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa ni asilimia 68 pekee waliokuwa wamefanya hivyo.

Mpango huu haukosi wakosoaji. Wapo wanaolalamika kwamba miradi ya wasichana imepata fedha kidogo ikilinganishwa na ya wavulana. Aidha, mpira hauwezi kutatua uhaba wa nyumba wala umaskini unaomkabili kijana anaporudi kwao jioni.

Mafanikio ya mpango huu, kwa hivyo, hayahesabiwi kwa mabao. Yanahesabiwa kwa idadi ya vijana wanaomaliza shule, wakapata kazi na kudumu humo.