Picha Zinapochelewa Njiani: Jinsi ya Kuichunguza Habu ya USB

Askari anaporudi nyumbani likizo, jamaa zake hupenda kuzihifadhi picha zake katika diski kabla hajarejea kazini. Kompyuta ikiwa na matundu machache, huchomekwa habu, yaani kifaa cha kuongeza matundu. Mara kazi ya dakika chache huchukua saa nzima. Mwenye haraka huichomoa diski kabla ya wakati, na picha huweza kuharibika zisipatikane tena.

Habu huongeza matundu, haiongezi njia. Vifaa vyote hupitia waya mmoja uingiao kwenye kompyuta. USB 2.0, iliyotolewa mwaka 2000, haipiti megabiti 480 kwa sekunde, USB 3.0 ya mwaka 2008 hufikia megabiti 5,000. Kimoja kati ya habu, waya na tundu kikiwa cha zamani, diski mpya nayo itakwenda kwa mwendo huo wa zamani.

Basi uchunguzi ufuate utaratibu. Kwanza, diski ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta. Mwendo ukiongezeka, kasoro iko kwenye habu au waya wake. Usipoongezeka, litazamwe tundu la kompyuta na diski yenyewe. Pili, vifaa vingine vichomolewe kimoja kimoja, kisha waya ubadilishwe. Tatu, diski ikiwa inakatikakatika, huenda umeme hautoshi: tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu, nayo habu isiyo na adapta yake huzigawa kwa vifaa vyote.

Kazi ikiisha, kompyuta iamriwe kuiachia diski, ndipo ichomolewe. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.